Fungua Mdomo

Ukifika nyumbani kwetu, juu kidogo ya Soni, utaonyeshwa albamu ya picha kabla hujamaliza kikombe cha chai. Ndiyo desturi ya Mama. Utaniona nikiwa darasa la kwanza, ndani ya sare iliyonizidi kimo. Utaniona siku ya Idd na gauni la buluu. Utaniona nimemaliza kidato cha nne, nimesimama mbele ya kabichi za Baba kama askari wa gwaride. Katika picha zote hizo nimefunga mdomo. Mpiga picha wetu pale gulioni, mzee mmoja mcheshi sana, alichoka kuniambia, "Binti, cheka basi, filamu ni ghali!" Nilikuwa nacheka kwa macho tu. Mdomo nilikuwa nimeutia kufuli.

Sababu ni chonge. Binadamu ana chonge nne, mbili juu na mbili chini, yale meno yenye ncha ambayo kwa mbwa ndiyo ya kuogopwa. Mimi ya chini kulia sina kabisa. Meno ya jirani yaliona nafasi iko wazi yakajisogeza, kama abiria wa basi mwenzake akishuka, mpaka mstari wa katikati wa meno yangu ya chini ukahama. Ya chini kushoto ninayo, lakini ni kijino kifupi, cha kahawia, kimegeukia upande. Shuleni waliniita Pengo. Jina likanifuata hadi sekondari, na nadhani hata leo wapo wanaolikumbuka hilo kuliko jina langu.

Sikuzaliwa hivyo.

Habari yenyewe nilihadithiwa na shangazi yangu nikiwa darasa la sita, tukimenya viazi jikoni kwake. Nilizaliwa mwaka 1996. Nilipofika miezi mitano nikashikwa na homa na kuharisha, na siku ya tatu nikawa nimelegea kama kitambaa. Majirani wakaja kumpa Mama pole. Mmoja wao akaniminya mashavu, akachungulia fizi, akasema neno ambalo kila mama mdogo wa wakati ule alikuwa analiogopa: "Huyu ana meno ya plastiki." Jioni hiyohiyo nikapelekwa kwa bibi mmoja aliyejulikana kwa kazi hiyo. Akachimba fizi kwa waya wa gurudumu la baiskeli ulionolewa ncha, akatoa vitu viwili vidogo, vyeupe, laini, akavisogeza kwenye mwanga wa kibatari. Haya, mnaona wenyewe? Plastiki hiyo. Akapewa kuku wake. Mimi nikatoka damu usiku kucha.

"Na aliyekushika kichwa..." shangazi alianza, kisha akanyamaza, akaendelea kumenya viazi.

Baadaye sana, nikiwa mtu mzima, nilikuja kusoma kwamba sikuwa peke yangu. Katika miaka ya 1980 na 1990 imani ya meno ya plastiki, wengine wakiyaita meno ya nailoni, ilikuwa imeenea sehemu nyingi za Tanzania, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa afya ya kinywa walikuwa tayari wanaandika juu ya watoto wa Kitanzania waliobaki na mapengo na meno yaliyoharibika kwa ajili yake. Waganda wana jina lao, ebinyo. Sudan na Ethiopia jambo hilo lipo, na familia zilizohamia Ulaya zimekwenda nalo mpaka madaktari wa Uingereza na Sweden wakakutana na midomo kama wangu.

Vile vitu vyeupe havikuwa plastiki. Vilikuwa chonge zangu za utotoni, changa, bado hazijawa ngumu. Mtoto akiwa na miezi mitano hivi, fizi ya mahali pa chonge huvimba kidogo na kupauka, maana jino linajengeka chini yake. Litatokeza lenyewe mtoto akikaribia mwaka mmoja na nusu. Sasa umri huohuo ndio mtoto anaonjeshwa uji, anatambaa, anatia kila kitu mdomoni, na kwa hiyo ndio umri wa kuharisha. Mambo mawili yamekutana mlangoni, basi watu wakasema moja ni mtoto wa jingine. Kibaya zaidi, chini ya chonge ya utotoni tayari kipo kichipukizi cha chonge ya ukubwani. Waya hauulizi. Kulia uling'oa vyote viwili, kushoto ukajeruhi. Nami nilichokuwa nahitaji siku ile ni maji safi yaliyotiwa chumvi na sukari kwa kipimo, na kupelekwa zahanati. Wapo watoto ambao damu yao haikukata, au jeraha lao lilioza, wakazikwa. Kwa hesabu hiyo mimi Pengo ni mwenye bahati.

Nikiwa kidato cha pili mwalimu wa historia alitufundisha habari za Mbegha. Nilikuwa nasinzia. Mbegha, nani asiyemjua kwetu? Mwindaji aliyetoka milima ya Nguu na mbwa wake, akawagawia watu wa Usambara nyama, akaua simba, akawa mtawala wa Vuga, na watawala wakaitwa Simba Mwene. Kisa kimo katika Habari za Wakilindi, kitabu cha Abdallah bin Hemedi kilichochapwa upya Nairobi mwaka 1962. Lakini mwalimu akauliza swali lililoniamsha: kwani aliondoka kwao kwa nini?

Kwa sababu ya meno. Mbegha alikuwa kigego, yaani meno yake ya juu yalitoka kabla ya yale ya chini. Mtoto wa namna hiyo alihesabiwa kuwa nuksi, mwenye kumaliza jamaa zake, na kwa mila ya zamani hakuachwa aishi. Yeye aliachwa. Lakini ilipofika siku ya kugawa urithi, ndugu zake wakamnyima fungu lake kwa hoja hiyohiyo ya meno. Ndipo akashika mkuki na njia.

Darasa zima likacheka, nami nikafunika mdomo kwa kiganja, mazoea yangu. Ila moyoni nilikuwa nimekaa wima. Kuanza kuota meno ya juu ni tofauti ndogo tu, haina madhara yoyote; wengi huanza ya chini, wachache huanza ya juu, basi. Kumbe watu wazima wamekuwa wakichungulia midomo ya watoto tangu enzi na enzi, na wakishachungulia wanatoa hukumu. Mmoja alinyimwa urithi akaja kuanzisha ufalme milimani kwetu. Mwingine alichimbwa kwa waya. Kila nilipomwona mtu anamfunua mtoto midomo, mimi mwili ulikuwa unasisimka.

Sasa nije kwa mdogo wangu. Ni kitinda mimba, amezaliwa mwaka 2015, na nyumbani tunamwita Kitinda tu. Mama alimlea kama yai. Na juu ya meno yake alikuwa ameweka sheria moja, kali kuliko zote za nyumba ile: meno ya mtoto huyu hayaguswi na mtu. Shuleni walipokuja watu wa afya kukagua vinywa, siku hiyo Kitinda aliamka "mgonjwa". Jirani akitaka kumtazama fizi tu, Mama alisimama katikati.

Alipofika miaka saba wenzake wakaanza kung'oka meno ya mbele ya juu. Kila mmoja alirusha lake juu ya bati kama tulivyofanya sote. Kitinda akarusha la kulia. La kushoto likagoma. Halikutikisika hata. Jino la ukubwani lilipoona mlango umefungwa likapita uani: likachomoza nyuma ya lile la zamani. Kwa miezi kadhaa mtoto alikuwa na meno mawili pahali pa moja, moja mbele na moja nyuma. Mama aliona. Baba aliona. Baba akasema apelekwe hospitali ling'olewe lile la zamani, Mama akasema litaanguka lenyewe.

Na kweli likaanguka lenyewe. Ila lilikuwa limechelewa.

Mimi nilikuwa Dar es Salaam, nauza daftari na kalamu katika duka la Kariakoo, na usiku naandika hadithi zangu. Desemba 2023 nikapata likizo, nikapanda nyumbani. Siku moja tukaenda na Kitinda kule Irente, kwenye lile jabali ambalo ukisimama unaiona nyika ya Mombo iko chini kama mkeka uliotandikwa. Nikampiga picha kwa simu. Huyu hana kufuli mdomoni; alicheka mpaka magego. Jioni nikawa naikuza ile picha, nikaona kitu. Nikamwita.

"Kitinda, uma meno nione."

Akauma. Jino lake moja la mbele la juu liliingia ndani ya yale ya chini. Kwa kawaida meno ya juu hufunika ya chini, kama mfuniko wa sufuria unavyokaa. Lake moja lilikuwa ndani ya sufuria. Nikatazama vizuri zaidi, nikaona hata taya linasogea kidogo mbele ili aweze kufunga mdomo, na jino la chini linalogongana na lile la juu fizi yake imeanza kushuka.

Mama alikuwa anapepeta mchele. Nilimweleza polepole, maana najua njia ya mazungumzo hayo ina miiba.

"Mwanangu, hayo si meno ya mtoto tu? Yataanguka."

"Mama, si ya utotoni tena hayo. Hayo ndiyo atakayozeeka nayo."

"Basi ndivyo Mwenyezi Mungu alivyompa."

"Kuna madaktari wa kupanga meno, Mama. Akiwa bado mdogo hivi..."

"Sitaki." Ungo ukasimama. "Mdomo wa mtoto huyu haugusi mtu. Umenisikia?"

Baba alikuwa barazani na redio yake. Si mtu wa maneno. Akapunguza sauti ya redio akasema, "Mama watoto, tuta likianza kuachia tunafanyaje? Si tunapanda majani ya guatemala kwenye kingo msimu huohuo? Ukisema utangoja masika mbili, shamba utalikuta kwa jirani wa bondeni." Kisha akaongeza sauti ya redio. Mama hakujibu. Lakini kesho yake alfajiri niliona ameshafungasha mkoba, na khanga mpya juu yake.

Tuliondoka kabla ya kucha, na ukungu umekaa barabarani. Njia ile ya kushuka Mombo unaijua kama umewahi kupita: kona juu ya kona, ukuta wa mawe upande huu na upande ule korongo. Kitinda akalala katikati yetu. Tulipofika Mombo basi likasimama watu wanunue chai na matunda, na joto la chini likaingia dirishani. Mama akasema bila kunitazama:

"Shangazi yako alikwambia?"

"Aliniambia nusu."

"Nusu iliyobaki ni mimi." Akaikunja ncha ya khanga, akaikunjua. "Mimi ndiye niliyekushika kichwa. Yule bibi alisema shika sana asicheze, nikashika sana. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Wewe hukuwa unamwangalia yeye, ulikuwa unaniangalia mimi. Basi nikaapa, meno ya mtoto wangu mwingine sitaruhusu mtu. Na hawa wawili waliokufuata sikuruhusu, na huyu sikuruhusu. Leo unakuja kuniambia na kwa hilo nalo nimekosa."

Nilikuwa na maneno mengi ya kitabuni siku ile. Hakuna hata moja lililotoka. Nikanunua maandazi matatu, nikampa moja, tukala kimya, basi likaondoka kuelekea Korogwe.

Njia nzima nilikuwa nahesabu. Mara ya kwanza Mama aligusa pasipohitaji kuguswa. Mara ya pili aliacha palipohitaji kuguswa. Na mara zote mbili alikuwa hajalala usiku kwa ajili ya mtoto. Sisi vijana tuna haraka ya kusema wazazi wetu ni wajinga. Mimi mwenyewe nimesema, tena kwa sauti. Lakini mtu aliyeungua kwa uji akaja kupuliza hata maji ya mtungini si mjinga. Amejifunza somo, ila somo lenyewe lilikuwa nusu. Alijifunza kwamba kugusa ni hatari. Hakuna aliyemfundisha kutofautisha kutazama na kugusa.

Kliniki tuliyokwenda sitaitaja. Daktari alikuwa dada wa makamo, sauti ya chini. Kitu cha kwanza hakumshika Kitinda. Alimpa kioo kidogo, akamwambia ajitazame yeye mwenyewe, ahesabu meno. Kitinda akahesabu mpaka akachoka. Ndipo daktari akamwomba ruhusa naye ahesabu. Nikamwona Mama anashusha mabega.

Alituchorea kwenye karatasi. Mtoto ana meno 20 ya utotoni, na kila moja lina kazi mbili: kutafuna, na kumshikia nafasi atakayekuja. Likitoka mapema mno, majirani wanaingia kiwanjani, na mwenyewe akija anakuta pamejengwa. Likichelewa mno, mwenyewe anatafuta njia ya kando. Magego ya kwanza ya ukubwani huja karibu na miaka sita, bila kung'oa chochote, nyuma kabisa, ndiyo maana wazazi wengi huyadhani ya utotoni wakayaacha yaoze. Meno ya mbele ya juu huja miaka saba na minane. Chonge za juu ni wageni wa mwisho mwisho, huja kwenye kumi na moja, kumi na mbili. Hivyo mdomo wa mtoto wa miaka minane ni nyumba ambayo nusu ya wapangaji wanahama na nusu wanahamia. Ukitaka kumwelekeza mtu chumba chake, huo ndio wakati. Wakishaweka vitanda ni kazi nyingine.

"Na tukiacha?" Mama akauliza.

Daktari alimjibu kama mtu mzima anavyomjibu mtu mzima. Jino la juu na la chini yatazidi kusagana, ngozi yake ngumu italika. Fizi ya lile la chini itaendelea kushuka. Taya linaweza kuzoea kufunga vibaya. Hayo yote yanarekebishika hata ukubwani, lakini kwa kazi kubwa na fedha nyingi. Sasa hivi ni kifaa kimoja cha kuvaa na kuvua, miezi michache.

"Na tungekuja lile la zamani lilipogoma?"

Daktari akasita. "Huenda kuling'oa tu kungetosha, Mama."

Sikuthubutu kumtazama Mama. Yeye ndiye aliyetikisa kichwa taratibu, kama mtu anayesomewa hesabu ya dukani na kukubali deni.

Wiki iliyofuata tukarudi kuchukua kifaa. Daktari akakitoa kwenye kikopo: kibao chembamba cha rangi ya waridi chenye umbo la paa la mdomo, kina vishikizo vya waya vya kubana magego na springi ndogo nyuma ya lile jino la kusukumwa.

"Hiki ni cha nini?" Mama akauliza. "Namaanisha, ni cha kitu gani?"

"Ni plastiki, Mama, aina ya plastiki ngumu."

"Plastiki tena!"

Alisimama, mkoba mkononi. Daktari hakuelewa. Akanigeukia mimi, na katika kugeuka kwake akaona midomo yangu imeachana kidogo kwa ile taharuki, akaona kilichomo. Nadhani aliwahi kuiona midomo ya namna yangu. Hakucheka wala hakutoa hotuba. Alikiweka kile kibao kwenye kiganja cha Mama, akamwacha akigeuze, akikwaruze kwa kucha, akinuse. Mama akakaa. Akamkabidhi Kitinda kwa mkono wake mwenyewe.

Usidhani nakuambia kila mtoto akavishwe nyaya. Siku ileile, pale benchi la kusubiri, alikuwepo mama mmoja amemleta binti wa miaka minane ili azibwe mwanya wa mbele. Alitoka amenuna: ameambiwa arudi nyumbani. Mwanya wa umri ule mara nyingi hujifunga wenyewe chonge za juu zikishuka, na hata usipojifunga, jamani, mwanya kwetu si urembo? Wataalamu wa Marekani wanashauri mtoto atazamwe na mpanga meno kabla hajapita miaka saba, lakini kutazamwa si kutibiwa. Wengi hutazamwa wakaambiwa wangoje. Kwa watoto wenye meno ya juu yaliyojitokeza mbele, mapitio ya tafiti yaliyotolewa na Cochrane mwaka 2018 yalionyesha kuwa kuanza mapema hakuleti meno yaliyonyooka zaidi mwishoni kuliko kungoja ujana. Faida kubwa iliyoonekana ni kwamba wachache zaidi wanavunjika meno hayo wakianguka. Kwa jino lililoingia ndani kama la Kitinda, kuwahi kuna maana kubwa. Ndiyo kazi ya anayejua: kukuambia hili la leo, lile la kesho, na lile achana nalo.

Shida ni kumpata huyo anayejua. Nchi yetu ilianza kufundisha madaktari wake wa meno pale Muhimbili mwaka 1979, na bingwa wa kupanga meno bado ni mtu wa kumfuata mjini. Kwa mtoto wa Mtae au Mlalo hiyo ni safari ya kutwa, na nauli yake ni gunia la viazi. Kila mwezi nilituma nauli ya Mama na Kitinda, na miezi miwili nilikula mihogo ya kuchoma asubuhi na jioni. Mara moja kifaa kilipotea. Mtoto alikivua acheze mpira, akakitia kwenye soksi, soksi akaining'iniza kwenye ua wa shule, na darasa zima likatafuta mpaka likakipata. Wiki za kwanza alikuwa anaongea kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni, akisema "thatha" badala ya "sasa", mwalimu akamsamehe kusoma kwa sauti.

Mwezi wa tano, jioni, simu ikalia dukani.

"Dada! Limevuka!"

Jino lilikuwa limeruka ukuta. Daktari alithibitisha: likishapita mbele, meno ya chini yenyewe yanalizuia lisirudi. Siku hiyo nami nilikuwepo kliniki. Alipomaliza na Kitinda, akanigeukia.

"Na wewe, dada? Fungua mdomo."

Mara ya kwanza tulipokutana nilimkatalia kwa kutikisa kichwa. Safari hii nikafungua. Alinitazama muda mrefu. Akasema inawezekana: nyaya za mwaka mmoja na zaidi kuyarudisha yaliyohama, kisha jino la bandia penye pengo. Akataja na gharama. Nikamshukuru, nikafunga. Kuna siku nitarudi, kuna siku nasema nimekwisha kuwa mimi na meno yangu. Bado sijaamua.

Lakini sikukusimulia yote haya kwa ajili ya jino la Kitinda. Nimekusimulia kwa ajili ya siku moja ya Idd kubwa, Juni 2024.

Juni kwetu ni baridi ya kuuma vidole. Nilikuwa jikoni nimekumbatia moto. Akaja mke wa jirani, binti wa miaka ishirini hivi, na mtoto mgongoni. Mtoto anaharisha siku ya pili. Mkwewe amemchungulia fizi, amesema ni yale mambo, na kuna mtu yupo Bumbuli anayejua kutoa. Binti alikuwa ameshika nauli mkononi, noti zimelowa jasho, na baridi ile.

Mama alimpokea mtoto, akamlaza mapajani. Akamfunua midomo kwa kidole chake kidogo, taratibu. Nikaona mwili wangu unasisimka vilevile. Akatazama. Kisha akaita:

"Mwanangu, njoo hapa karibu na taa."

Nikaenda.

"Fungua mdomo."

Miaka ishirini na nane, na Mama hakuwahi kunitamkia neno hilo. Nilimtazama machoni, naye hakuyaondoa macho yake. Nikafungua. Akamshika yule binti mkono, akamsogeza, akamwonyesha kwa kidole, kulia, kisha kushoto.

"Huyu alikuwa na meno ya plastiki," akasema. "Mimi ndiye niliyemshika kichwa. Hiki unachokiona kwenye fizi za mwanao ni jino lake. Liache. Kuharisha ni kuharisha. Haya, twende zahanati, na wewe dada mtu washa moto uchemshe maji."

Binti alinitazama mdomoni kwa muda. Nilitaka kufunga. Nikaona bado anatazama, nikaacha wazi.